Nimejenga Kijia, Mama Mkwe Amefunga Mizigo

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla ya Jumamosi, na unisamehe kwa urefu wa barua, kwa sababu jambo hili siwezi kumwambia mtu hapa Sabaki akanisikiliza bila kucheka, nimekwisha kujaribu kwa watu wawili.

Mke wangu ana mimba ya miezi minane, ya kwanza iliharibika, na safari hii daktari wa Malindi amemwamuru alale asiinue hata ndoo, basi mama yake akatoka Gongoni kuja kumtunza, na hilo si dogo kwetu Wagiriama, kwani mume hamtazami mama mkwe usoni wala hali chakula pamoja naye, na wakikutana njiani mmoja hutoka kando akageuza uso mpaka mwenzake apite, lakini alikuja, tukampa chumba cha nyuma chenye mlango wake, tukaishi kwa adabu, kila mmoja akizijua saa za mwenzake.

Masika yalipoanza ua ukawa tope tupu kutoka nyumbani hadi bafuni, naye magoti yake ni mabovu, nikaona nimjengee kijia kwa mikono yangu mwenyewe, nikajifunza kwenye video za simu, nikapiga vigingi na kamba, nikachimba, nikamwaga kokoto inchi nne, nikapanga mawe bapa ya Galana na kulipima kila moja kwa pimamaji, na kwa kuwa upande mmoja ni ukuta wa jirani, upande wa pili nikapanga chupa mia mbili na kumi na mbili zilizopinduliwa, nyuma yake bogenvilia, na kijia chenyewe upana futi moja na nusu kama walivyoonyesha kwenye video. Alkesh, mwenye duka la vifaa nilikonunua saruji, alipoiona ramani yangu aliniuliza, "Bwana Ngowa, hii ni njia au mfereji?" nikadhani anataka kuniuzia mifuko zaidi.

Kosa nililiona kijia kilipokwisha kukauka, kwamba hakina pa kupishana, basi tukaanza kukohoa, mimi nikitoka nakohoa, yeye akiwa huko anajibu kwa kikohozi, mpaka jirani yetu Jedida akapiga kelele nyuma ya ukuta, "Jamani, nyumba nzima mna kifua? Nendeni hospitali!"

Jumatatu asubuhi mvua ilikuwa ikipiga mabati, kikohozi hakikusikika, tukakutana katikati, yeye na beseni la nguo, mimi na kikoi tu na sabuni mkononi, nikaruka kumpisha kama desturi inavyotaka, nikatua kwenye bogenvilia, mguu ukavunja chupa tatu na kukatwa na vigae, na kikoi, mshauri, kikoi kikabaki kwenye miiba, mimi nikaendelea.

Mama mkwe alijifunika uso kwa beseni akarudi kinyumenyume, na baadaye nilimsikia dirishani akimwambia binti yake, "Mwambie mumeo mimi si ng'ombe wa kupitishwa josho. Jumamosi narudi kwangu." Mke wangu akaniambia, "Mama akitoka natoka naye," nikamwambia, "Daktari amekukataza safari," akanijibu, "Kwani daktari ndiye atakayeniogesha?" na tangu hapo hasemi nami.

Je, nimlete pasta amweleze mama kwamba mambo ya kutotazamana yamepitwa na wakati? Na nitamwombaje radhi mtu nisiyeruhusiwa kumtazama? Kijia nisingependa kukigusa, maana picha zake zilisifiwa sana kwenye kundi letu la WhatsApp na watu wawili wameniomba niwajengee.

Ngowa, Sabaki

MSHAURI ANAJIBU:

Ngowa, pole kwa mguu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Umenipa upana wa kijia, unene wa kokoto na idadi kamili ya chupa. Jina la mkeo hukunipa. Kama ndivyo unavyozungumza nyumbani, sishangai kwamba amenyamaza.

Nia yako ilikuwa njema, hilo sikunyimi. Ulimhurumia mwanamke mwenye magoti mabovu ukamtengenezea mahali pakavu pa kukanyaga, kisha ukamnyima pa kukaa kando. Huyo fundi wa kwenye video huenda mama mkwe wake anaishi mji mwingine. Wako yuko uani. Alkesh, ambaye hana mkwe Gongoni, aliiona kasoro kwenye karatasi.

Pasta mwache. Desturi mtaijadili mwakani, mtoto akiwa na meno, tena kupitia kwa watu. Mwanamke aliyeona alichokiona Jumatatu hahitaji mahubiri ya kumweleza kwamba hakuna ubaya kuona.

Radhi haitoki kinywani mwako. Leo hii mtume shangazi yako, au mwanamke mwingine mzima wa upande wenu, na doti ya leso. Asisimulie habari za miiba. Aseme, "Mtoto wetu amekosa, naye anajua amekosa," kisha anyamaze. Kama kwenu kuna cha kutoa zaidi ya leso, shangazi anakijua. Usibishane naye wala usimwonyeshe picha.

Kesho chukua sururu. Chupa zote zitoke, si tatu tu, kwa sababu hapo atapita mama mjamzito na baadaye mtoto wa kutambaa. Bogenvilia ing'olewe. Mawe yabaki, na kama uliyapima ulivyosema, kazi si mbaya. Upande utakaokuwa wazi ongeza futi tatu za kokoto iliyoshindiliwa. Halafu pima kwa watu, achana na kamba: mwombe Jedida asimame na beseni la maji, wewe upite. Maji yasipomwagika, inatosha. Wale wawili waliokuomba uwajengee wangoje, na siku ukienda kwao uulize kwanza nani anaishi nyumba hiyo. Na kuanzia leo, bafuni unakwenda na suruali.

Mkeo akishikilia kusafiri, mpigie daktari azungumze naye mwenyewe. Hilo si lako kuamua, wala si langu. Wewe kazi yako ni kumwambia unaogopa, neno ambalo kwenye barua nzima sikuliona, ingawa ndilo lililokufanya uiandike.

Jumamosi toka nyumbani mapema, usirudi mpaka jioni. Usiage, usizuie mtu mlangoni, usimpigie mkeo kila saa kuuliza wamefikia wapi. Mzee aliyekwisha kutangaza kwamba anaondoka, akitaka kubaki, huhitaji siku nzima ya kufungua mkoba wake bila kuonekana na mtu aliyemkosea. Mpe siku hiyo.