Njiwa Kwanza, Daraja Baadaye

Jumapili, 28 Juni 1914

Wa tatu! Njiwa wangu wa kijivu ameshika nafasi ya tatu katika mbio za kurudi bandani, na angekuwa wa kwanza kama mbwa wa kinyozi asingebweka wakati anatua. Akaruka tena, akakaa juu ya dohani dakika nne nzima. Nimemwambia kinyozi mbele za watu: siku ya mashindano mbwa hufungwa ndani, watoto hunyamazishwa, hata mwenye kikohozi hujizuia mpaka njiwa waingie. Ubelgiji nzima inajua hivyo. Akanijibu kwamba mimi ni katibu wa klabu, si mfalme. Mjinga yule!

Jumatatu, 29 Juni

Gazeti linasema mrithi wa kiti cha enzi cha Austria na mkewe wamepigwa risasi na kijana wa Kiserbia huko Bosnia. Masikini. Matokeo yetu wameyatupa ukurasa wa nne, na mimi wameniita mchinjaji badala ya fundi viatu. Nimewaandikia barua kali.

Jumatano, 29 Julai

Austria imetangaza vita dhidi ya Serbia. Vita — kwa kosa la kijana mmoja!

Jioni klabuni Küppers alitueleza yote. Yeye ni Mjerumani, karani wa forodha ng'ambo ya daraja la mpakani, mwanachama wetu mwaka wa kumi na moja sasa. Alichovya kidole kwenye bia akachora mezani: Austria kamkaba Mserbia, Mrusi hatakubali, Mjerumani lazima asimame na Austria, Mfaransa keshamwahidi Mrusi. "Ni kama ugomvi wa arusini," akasema. "Mmoja kamwagiwa supu, ukoo mzima unavua makoti."

Nikamuuliza, na sisi je?

"Nyinyi hamna ukoo, Servais. Bahati yenu."

Kweli kabisa. Sisi hatuegemei upande wowote, na tuna hati ya mwaka 1839. Mataifa makubwa yameweka sahihi kwamba hatuguswi, na babu zake Küppers wakiwemo. Nimemweleza mke wangu Hubertine akiwa anamenya viazi. Akasema, "Kumbe mlinzi wetu ndiye yule yule jirani mwenye rungu. Basi nitalala fofofo." Huyu mwanamke ana mdomo!

Ijumaa, 31 Julai

Nimepeleka makinda wa mwaka huu kituoni: vikapu sita, treni ya saa tisa kwenda magharibi. Wataachiwa huko Jumapili, waruke kurudi nyumbani. Küppers naye kaingiza jike lake moja.

Jumamosi, 1 Agosti

Kengele zimelia alfajiri. Askari wote wa akiba wameitwa. Gilles wetu amevaa koti lake la jeshi, limembana kwapani. Ana miaka ishirini na miwili, na ndiye mtoto pekee tuliyebaki naye. Hubertine amelia mpaka akashindwa kumfungia kamba za buti.

Halafu — wapi wamempanga? Kwenye daraja letu hapa! Hatua mia mbili kutoka mlangoni. Hubertine akafuta machozi, akampelekea supu na mkate.

Koplo wao amewapanga wawili kuelekea Ujerumani na wawili kuelekea Ufaransa. Ufaransa iko huko mbali, nyuma ya nchi nzima! Lakini hatuegemei upande, kwa hiyo ni lazima tuwaogope wote sawasawa. Gilles anaelekea Ufaransa, yaani anatazama jiko la mama yake.

Jumapili, 2 Agosti

Hakuna njiwa. Telegramu: ukungu mzito huko magharibi, mashindano yameahirishwa. Klabu nzima shingo juu tangu asubuhi kwa bure. Watu wamenilaumu mimi, kana kwamba ukungu nimeuchemsha nyumbani.

Jumatatu, 3 Agosti

Siku ndefu. Nianze wapi?

Mjerumani ameiandikia serikali yetu jana jioni. Anaomba njia. Anataka kupita kwetu akampige Mfaransa, eti kwa sababu Mfaransa naye alikuwa na nia ya kupita. Tukikubali, ni marafiki, watalipa watakachovunja. Tukikataa, ni maadui. Tumepewa saa kumi na mbili za kufikiri. Asubuhi Mfalme na mawaziri wamejibu: hapana.

Nilipiga meza kwa furaha. Hubertine akanitazama. "Umefurahi nini? Hiyo 'hapana' wameisema huko mjini. Anayesimama nayo darajani ni nani?"

Nikatoka kwenda kufagia banda.

Saa nne Küppers akaja kwa miguu, kofia mkononi. Nilidhani anakuja kuniaga. Aliuliza habari za jike lake. Halafu akanishika bega: "Hatuna ugomvi na nyinyi, Servais. Tunapita tu. Mwambie Gilles asogee pembeni, basi." Nikamwambia, mtu akipita sebuleni kwangu na farasi, huyo hakupita, kavamia. Akacheka. Mimi nikacheka pia, sijui kwa nini. Kisha akavuka kurudi kwao, na Gilles akampigia saluti!

Mchana wakafika wahandisi wa jeshi na mapipa ya baruti. Wanalipua daraja. Lini? Wakati wowote, akasema Luteni Evrard, mkubwa wao, hata sasa. Na papo hapo — papo hapo! — ikaja telegramu: njiwa wataachiwa kesho saa kumi na mbili asubuhi. Kwa upepo huu wataingia kama saa mbili na nusu.

Makinda! Mara yao ya kwanza mbali na nyumbani! Mlipuko mmoja tu na hawatalikaribia banda tena maisha yao yote. Nikaandika barua kwa jina la klabu, muhuri chini, sahihi kumi na tisa. Hata kinyozi kaweka sahihi. Naomba daraja lilipuliwe saa tatu.

Luteni akaisoma mara mbili. Nilijua atanifukuza. Akauliza, "Makinda?" Nikasema makinda. Akavua kofia. Kwao wana banda la njiwa sitini, baba yake ni mweka hazina wa klabu! "Bado hatujatangaziana vita," akasema. "Saa tatu basi, bwana katibu. Lakini utakuwa jicho langu." Kishikio cha kulipulia kiko nyuma ya ukuta wa kinu cha unga, na kutoka pale daraja halionekani. Mimi darini kwangu naliona lote, na sauti yangu inamfikia. Nikiona wapanda farasi, nimwambie tu, naye atalipua papo hapo. Askari wote wanne wataondolewa darajani saa mbili na nusu.

Hubertine amebeba supu yote kumpelekea Gilles, mimi hakuniachia hata kijiko.

Jumanne, 4 Agosti

Saa mbili kasoro kumi. Niko darini, darubini shingoni, saa ya klabu kando. Naandika huku nikitazama. Anga safi! Kijiji kimya kabisa. Mbwa wamefungwa. Kinyozi yuko barabarani, kidole mdomoni, anawanyamazisha watoto. Wote wanatazama magharibi.

Saa mbili na dakika tano. Vumbi upande wa mashariki. Ng'ombe wa maziwa, pengine.

Saa mbili na dakika tisa. Si ng'ombe. Mikuki ya wapanda farasi. Kumi — hapana, thelathini, na nyuma yao barabara yote ni ya kijivu kwa sare za askari. Wanakuja polepole, wapole kama wanakwenda kanisani. Mbele yao kwa miguu yuko Küppers na kofia yake ya forodha. Anawaonyesha njia!

Koplo amerudi mbio upande wetu na vijana watatu. Gilles hajarudi. Amekwenda mbele, peke yake, bunduki begani, mkono umeinuliwa — kama polisi anayesimamisha gari! Anawaambia nini? Hakuna ruhusa? Mfalme amesema hapana? Rudi, mwanangu, rudi!

Wamesimama. Küppers anazungumza naye. Anaonyesha pembeni: sogea.

Na njiwa! Njiwa wa kwanza, kutoka magharibi, juu ya kinu! Jike la Küppers, namjua kwa bawa jeupe. Amepita juu ya banda langu, anakwenda kwao. Küppers ameinua kichwa. Gilles pia. Wale wenye mikuki pia, wote midomo wazi. 

Luteni ananiuliza kutoka chini kinuni, taratibu, asije akawatisha njiwa: "Bwana katibu, kuna kitu?"

Gilles yuko katikati ya daraja, juu ya mapipa.

Nimesema bado.

Makinda wangu wanatua, mmoja, wawili, wanne. Sijavua pete hata moja miguuni mwao, sijapiga muda kwenye saa. Farasi wa kwanza amekanyaga daraja. Gilles hasogei, mjinga, mwanangu mjinga. Hubertine amepanda ngazi, amesimama nyuma yangu, ameona. Luteni anauliza tena, safari hii kwa sauti.

"Bado," amejibu Hubertine. "Hakuna kitu."