Nilisoma alama mbele ya darasa, sasa mwanafunzi wangu anafukuzwa nyumba

Mama Wakarima mpendwa,

Nisaidie kabla Jumamosi haijafika, maana siku hiyo nitasimama mbele ya darasa langu na kusema ukweli au uongo, na lolote nitakalosema kuna mtu litamuumiza, na mimi nimeshindwa kula, nimeshindwa hata kufua, mpaka mamangu hapa kijiji cha Raila ameanza kuniuliza kama nina mimba.

Mimi ni msichana wa Kibera, nasomea ualimu wa elimu ya watu wazima, na muhula huu chuo kimenituma Kawangware kufanya mazoezi ya kufundisha. Darasa letu hukutana alasiri katika ukumbi mdogo wa mabati, na wanafunzi wangu ni watu wa umri wa wazazi wangu, mafundi, walinzi, akina mama wanaouza mboga, na mwendesha bodaboda mmoja, Kiarie, ambaye mdomo wake hautulii. Majina yote ninayotaja hapa nimeyabadilisha.

Kati yao yuko Mzee Gikonyo. Mzee huyu ana ploti kadhaa za nyumba za kupangisha Kawangware, ni mtu wa kanisa, watu wanamheshimu, na ule ukumbi tunaosomea ni wake, ametupa tuutumie bure. Siku aliyojiandikisha alinivuta pembeni akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwalimu, vijana wangu wananiletea makaratasi niweke kidole. Nataka kujua naweka kidole wapi." Niliona uchungu ule, Mama, na niliguswa, lakini nilikuja kuusahau kabisa, na hapo ndipo shida ilipoanza.

Pia yuko Mukai, ambaye darasani tunamwita Mama Mutuku. Ametoka Kitui, anashona nguo za shule kwenye kibanda, na anapanga nyumba moja katika ploti ya huyo huyo Mzee Gikonyo. Yeye alikuja ili aache kumpelekea jirani simu kila shule ya mtoto inapomtumia ujumbe. Ni mwepesi wa kushika, na hukaa nyuma kabisa, mbali na mwenye nyumba wake.

Sasa chuo kinataka nionyeshe nimewapima wanafunzi, na mkufunzi wangu anakuja wiki ijayo kunikagua, kwa hivyo nikaogopa, nikachukua kitabu cha watoto wa gredi ya tatu nikanakili mtihani mzima, imla, kujaza nafasi na hadithi fupi ya sungura yenye maswali, nikawapa watu wazima, nikawawekea muda, na nikawaambia wasitazamane. Nilisahihisha, halafu nikafanya kama walimu wangu walivyokuwa wakinifanyia mimi, nikasimama mbele nikasoma majina na alama, kuanzia aliyeshika mkia mpaka aliyeongoza.

Wa mwisho alikuwa Mzee Gikonyo. Wa kwanza alikuwa Mukai.

Kiarie akapiga meza akasema, "Wueh! Landlord amepigwa na tenant!" na darasa zima likacheka, na Mukai naye akacheka, aliziba mdomo lakini alicheka, na Mzee Gikonyo akageuka akamwona. Akachukua kofia yake akatoka. Mimi nilibaki nimeshika ile karatasi, nikatabasamu kama mjinga kwa sababu sikujua nifanye nini na uso wangu.

Kesho yake Mukai alinijia kibandani kwa mamangu, alitembea kutoka Kawangware mpaka Kibera kwa miguu, akaniambia Mzee Gikonyo amepita mlangoni kwake asubuhi na kumwambia mwezi ukiisha atafute kwingine. Kodi amelipa, hana kelele, hana kosa. Alipouliza kwa nini, aliambiwa, "Wewe si umesoma? Basi utapata nyumba ya wasomi."

Nilimwendea Mzee siku hiyo hiyo. Nilimkuta amekaa nje ya duka lake, na hakunikaribisha kiti. Akaniambia, "Msichana, umeniharibia jina. Wale ni watu ninaowadai heshima." Nikasema, "Mzee, naomba msamaha." Akasema msamaha hauwezi kurudi ndani ya masikio ya watu. Halafu akanipa njia yake. Jumamosi nisimame mbele ya darasa, niseme nilikosea kusahihisha, nilichanganya karatasi yake na ya Mama Mutuku. "Ukisema hivyo, mama akae nyumba yake na nyinyi mkae ukumbi wangu. Usiposema, mimi nina mtu anataka kuweka posho mill ya kusaga unga pale."

Nikamkimbilia Mwalimu Ndegwa, ambaye ndiye msimamizi wa darasa na aliyelianzisha. Hakusita hata kidogo. Alisema, "Sema tu. Ni maneno kidogo. Unataka watu wote hawa wakose mahali pa kusoma kwa sababu ya alama?"

Lakini kilichonimaliza kabisa ni Mukai mwenyewe. Nilimweleza nikidhani atakataa, akakunja kitambaa alichokuwa anashona, akasema, "Mwalimu, sema nilianguka. Mimi nataka nyumba. Nikihama, mtoto atahama shule." Halafu akaongeza kama anajiambia mwenyewe, "Lakini sijawahi kuwa namba wani ya kitu chochote."

Mama Wakarima, kila mtu ameniruhusu kusema uongo, hata yule atakayeumizwa nao, kwa nini basi roho yangu inakataa? Na nikisema ukweli na Mukai atupwe nje na darasa lifungwe, nitakuwa mwalimu wa nani? Nijibu haraka.

Lavender, Kibera

*

Barua hii niliijibu kwa simu siku iliyonifikia, kwa sababu Jumamosi haingengoja gazeti. Niliyomwambia ni haya.

Lavender binti yangu, kwanza kula. Mtu mwenye njaa huona kila mlango umefungwa.

Sasa nikugombeze kidogo, halafu tufanye kazi. Kuwapima wanafunzi wako hakuna kosa, ni kazi yako. Kosa ni kwamba ulichukua kipimo cha mtoto ukamvisha mzee, kisha ukamsimamisha nacho sokoni. Mtoto akichekwa darasani hulia, akaenda akacheza. Gikonyo akichekwa anarudi kwenye ploti ambako kila aliyecheka ni mpangaji wake, au binamu ya mpangaji wake. Hukulifikiria hilo kwa sababu ulikuwa unamfikiria mkufunzi. Ulipima ili wewe upite mtihani wako.

Na yeye pia simwachi. Wahenga walisema muungwana akivuliwa nguo huchutama. Gikonyo hakuchutama, alichukua rungu akamtafuta aliye mdogo kuliko wote pale ndani. Aibu yake ni ya kweli na namhurumia. Kumtoa mama na mtoto nyumbani kwa sababu ya kicheko ni uonevu, na aibu haiusafishi.

Umeniuliza kwa nini roho yako inakataa. Inakataa kwa sababu ina akili kuliko Mwalimu Ndegwa. Hebu fikiria, umesema uongo huo, Gikonyo amerudi amekaa kwenye dawati lake. Siku utakayomwambia, "Mzee, hapa umesoma vizuri," atajuaje kama ni kweli? Yeye ndiye atakayejua kuliko watu wote kwamba mwalimu wake akitishwa hubadilisha alama. Utakuwa umemnyima kitu pekee alichokuja kukitafuta, mtu wa kumwambia kweli kuhusu anachokisoma. Wanawe tayari wanamwambia uongo, ama anashuku hivyo. Usiongeze wako.

Usinitajie ruhusa ya Mukai. Mtu aliyekanyagwa shingo akisema "sawa" hajakubali, anatafuta pumzi. Uliisikia sentensi yake ya mwisho? Basi ilinde hiyo.

Utafanya hivi. Kabla ya Jumamosi rudi kwa Gikonyo, mchana, bila hadhira. Omba msamaha kwa kusoma jina lake mbele za watu, na usiombe msamaha kwa alama. Yatenganishe hayo mawili waziwazi, na akikukatiza ngoja amalize, useme tena. Mwambie hutabadilisha. Kisha mwambie ule mtihani haukuuliza jambo alilolijia, na kwamba ungependa kumpima upya, mkiwa wawili, ukiwa umekaa kando yake na si mbele yake, kwa karatasi ya aina anayotaka kuielewa, bila saa. Akikataa, toka kwa heshima.

Mukai mwambie asifunge mzigo kwa maneno ya mlangoni. Aende kwa chifu, au kwa wanaotoa msaada wa sheria bure, aulize haki zake kabla hajajibu lolote. Mkufunzi wako mpigie leo, asikie kwako kabla hajasikia kwa watu. Mwalimu Ndegwa mwambie aanze kutafuta ukumbi mwingine, kwa sababu darasa linaloishi kwa hofu ya mwenye mabati litafungwa tu, kama si mwezi huu ni ujao.

Jumamosi, liambie darasa lote kwamba ulikosea kusoma alama zao hadharani, kwamba alama zenyewe ni za haki, na kuanzia sasa kila mtu atasikia yake peke yake. Halafu waulize mmoja mmoja walikuja kujifunza nini, uwapime kwa hicho, na uwapime kutoka pale walipoanzia. Ungefanya hivyo siku ya kwanza, leo ungekuwa unakunywa chai. Nenda.

*

Wiki mbili baadaye Lavender aliniandikia tena, na amekubali niyatoe maneno yake hapa.

Mama, nilienda kwa Mzee Gikonyo Ijumaa. Nilisema kama ulivyoniambia. Akauliza, "Kwa hivyo umekataa?" Nikamjibu, "Kubadilisha alama nimekataa, Mzee. Kusoma jina lako mbele ya watu nilikosea, na nitawaambia hivyo." Alinitazama, halafu akaingia dukani akaniacha nimesimama.

Jumamosi tulikuta ukumbi umefungwa kwa kufuli. Mwalimu Ndegwa alinitazama kwa macho ambayo sitayasahau. Watu walisimama uani na madaftari yao, Kiarie kwa mara ya kwanza kimya, na Mukai amesimama peke yake karibu na ukuta kwa sababu hakuna aliyetaka kuonekana naye. Nilitaka kukimbia. Badala yake nikasema pale pale uani kwamba nilikosea kuwasomea alama hadharani kama watoto, kwamba hakuna aliyekuwa na haki ya kusikia alama za mwenzake, na kwamba hakuna karatasi iliyochanganywa. Nilisema Mama Mutuku alipata alichopata kwa kichwa chake. Sikutaja jina jingine.

Hakuna aliyecheka. Kisha lango likalia, na Mzee Gikonyo akaingia. Sijui alikuwa amesikia kiasi gani. Alitoa ufunguo, akafungua kufuli, akasimama mlangoni hivi kwamba hakuna ambaye angeingia bila kumpita. Mukai alipofika akamwambia, mbele yetu wote, "Mama Mutuku, ile maneno ya nyumba, wachana nayo."

Mukai akasema, "Asante, Mzee," bila kuinua macho. Baadaye aliniambia bado anatafuta nyumba, polepole, karibu na shule ya mtoto. "Leo ameamka vizuri," alisema. "Siku akiamka vibaya?" Sikumzuia. Ila alama zake aliniomba nimwandikie kwenye karatasi safi, na akaipeleka kibandani kwake.

Mwalimu Ndegwa ananisalimia kwa shida. Mkufunzi alikuja, akanikemea kwa ule mtihani wa sungura, akaniambia nitakaguliwa tena.

Jumanne iliyopita, wengine walipoenda kunywa chai, Mzee Gikonyo alibaki. Akatoa mkataba wa nyumba usiojazwa, wa aina anayopewa kutia kidole, akauweka mezani, akasogeza kiti ili nikae kando yake. Alisoma kwa kidole, neno kwa neno, jasho likimtoka kama mtu anayebeba mawe. Alipofika mwisho wa mstari wa tatu akasimama akaniuliza, "Ni sawa?"

Nilikuwa na hamu kubwa sana ya kusema ndiyo. Nikasema, "Miwili ya kwanza umesoma na umeielewa, Mzee. Wa tatu bado."

Akavuta pumzi. Akarudisha kidole mwanzo wa mstari.

"Basi tuurudie," akasema.