Nilimwita Mama Mkubwa Shangazi Mbele ya Wakwe

Mpendwa Bibi wa redioni, nisaidie, Jumapili wakwe watarajiwa walikuja kujitambulisha, na kwao neno moja tu linabeba dada wa baba na dada wa mama, nikaogopa wataniuliza kwani wewe una mama wangapi, nikamwambia mchumba wangu atafsiri kwamba mama mkubwa, aliyenilea kwa cherehani yake tangu mama anifie nikiwa na miezi minne, ni shangazi yangu tu, nikidhani mwenyewe lugha ile haisikii, kumbe aliwahi kuwafulia nguo watu wa lugha ile kwa miaka sita kabla sijazaliwa, akatua sinia la vikombe, akawajibu kwa lugha yao bila kukwama, “Ndiyo, mimi ni shangazi, mama yake hayupo,” na sasa haniiti mwanangu, ananiita bibi harusi, gauni amelimaliza na kulitundika mlangoni lakini anasema Jumamosi kwenye harusi kiti cha mama kikae wazi, nifanyeje?

Msusi

Wewe Msusi, mwaka juzi nilikushauri kuhusu huyo huyo mchumba, ukapata ulichotaka, ukapotea, hata salamu. Leo umeungua ndiyo unanikumbuka. Haya, kaa.

Mtangazaji amenisomea barua yako mara mbili, nilidhani amekosea. Shangazi?

Shule sikwenda, ila nimekuwa mkunga miaka arobaini, kwa wanawake ambao lugha zao siwezi kuombea hata maji. Niliporudi kuwajulia hali, karibu kila nyumba mtoto alimwita anayemlisha kwa midomo kufunga na kufunguka: ma. Neno hilo limetoka kwa mwenye njaa. Na neno binamu lilikuja kutoka ugenini likiwa la mtoto wa kaka wa baba tu. Wazee wetu wakalitanua, wa shangazi wakaingia, wa mjomba wakaingia. Wao waliongeza watu. Wewe unapunguza.

Najua, mtoto aliyefiwa huogopa kuonekana ana pengo. Lakini umemfukuza mama kwa kuogopa swali ambalo hakuna aliyekuuliza.

Leo hii mchumba akufundishe neno lao la mama. Kesho waite wakwe, wakae viti vile vile, umwite mama mkubwa kwa neno hilo, kisha kwa letu. Usilie hadi iwe yeye ndiye anayekubembeleza. Na sinia ubebe wewe.

Ukija tena hapa redioni, njoo naye. Mlinzi akikuuliza getini huyu ni nani, jibu kwa sauti, nikusikie nikiwa ndani.