Mbuzi kumi za mahari yangu hazirudi

Kavimvira, Uvira

Yaya Bahati, kaka yangu mkubwa,

Jambo sana, wewe na wote wa nyumba hapo Albertville. Kifua cha Mama kimepoa? Sisi tuko wazima, minye na mabinti wangu watatu, na tunacheka mpaka majirani wanauliza tumekula nini.

Keti kwanza. Lazaro na minye tumeachana, mbele ya waamuzi, na muhuri. Usishike kichwa! Mbuzi kumi alizotoa kwa ajili yangu ndizo ulizotoa wewe kumwoa bibi yako, na watu wakiachana mbuzi zinadaiwa. Ndiyo maana, tangu Lazaro alipochukua mwanamke mwingine kule Usumbura tulikokimbilia wakati wa uasi, barua zako tatu zilisema neno moja: vumilia. Hakuna iliyouliza ninakula nini. Nilikula kwa mashini yangu ya kushona, Yaya. Hilo bado liko rohoni.

Tuliporudi Uvira, minye na mabinti, Lazaro akaja. Anataka mashini. Anataka mbuzi kumi, pamoja na vitoto vyao vyote vya miaka minane.

Nikaenda kwa Papa Yeremia. Zamani alikuwa karani wa tribinali, pale kwa waamuzi; sasa anabadilisha feza hapa mpakani, na wenye kuachana wanamfuata awapangie hesabu. Malipo ni kuku. Nikaanza kulia.

"Mama, machozi nitayaandika wapi? Mashini ulinunua na nini?"

"Na feza ya samaki ndakala niliowauza."

"Karatasi iko?"

Iko! Ndani ya Biblia.

"Hiyo imekwisha. Ya mbuzi, mwache ahesabu mpaka achoke. Kisha uliza swali moja." Akanifundisha hilo swali.

Siku ya waamuzi, Lazaro alikuja amevaa koti. Karatasi ikamaliza habari ya mashini, basi akahesabu vitoto mpaka mia na arobaini! Hakuna aliyekufa, hakuna aliyeliwa, na zile kumi zote majike. Sijui zilizaa na nani. Nikamwacha ahesabu. Alipokaa, nikasimama:

"Wazee, mbuzi akirudi na vitoto vyake, mwanamke naye anarudi kwao na vya kwake?"

Mwamuzi mkubwa akacheka mpaka kofia ikaanguka. "Lazaro, desturi ndiyo hiyo. Ukishika mbuzi, mabinti watatu ni wa kaka ya huyu mama, na mahari yao atakula yeye. Ukiacha mbuzi, wana jina lako. Chagua."

Nikamuona anahesabu mabinti kwa vidole, chini ya meza.

"Mbuzi zibaki," akasema.

"Na vitoto vyao?" nikauliza.

"Na vitoto!"

Akatia kidole kwenye wino. Mabinti wana jina lake, lakini yule mwanamke wa Usumbura hawataki, basi wanakaa kwangu, na kila mwezi Lazaro analeta gunia la unga. Gunia, si feza: Papa Yeremia alinionya kwamba faranga inashuka kila wiki, lakini gunia halipungui. Nikampelekea kuku wa pili bila kuombwa.

Salamu kwa Mama, na kwa baba mdogo anayemtunza. Baba mkwe wako mwambie mbuzi zile sasa azile bila haraka.

Na wifi yangu. Mama aliniandikia kwamba tangu habari za Lazaro zifike huko, nguo zake ziko zimefungwa sandukuni, anangoja kurudishwa kwao. Gauni hili nimemshonea kwa mashini ile ile. Mwambie afungue sanduku, atundike nguo zote ukutani, na hili alivae Jumapili.

Ni minye, dada yako mdogo ambaye hadaiwi na mtu,
Mapendo