Sanamu Mbili Zilizogandana

Kaka,

Huku hatujambo. Ile reli yetu ndogo ya mezani, ya garimoshi la kuchezea, inakaribia kwisha, ila wenzetu wa chama, seremala na fundi saa, bado wanagombania daraja kama watoto.

Desturi yetu hujaisahau: kila mwanachama ana sanamu yake ndogo kwenye stesheni ya reli hiyo, na akifariki tunaipandisha garimoshi, linazunguka mara moja, basi.

Jana, baada ya kumzika baba, tulikwenda kumpandisha. Kumbe aliigandisha sanamu yake kwa gundi na nyingine yenye sanduku mkononi. Ni wewe. Miaka tisa tangu uondoke hakukutaja, tukadhani amekufuta.

Fundi saa akatoa kisu awatenganishe. Nikamwambia, "Thubutu!"

Aliye hai hatumpandishi. Kwa hiyo baba bado amesimama stesheni, amekushika mkono.

Mdogo wako,
kitindamimba