Saa moja ya chujio la jakuzi

Mwenzangu, nimejifungia stoo ya taulo. Nacheka hadi machozi, na huenda kazi sina tena.

Unakumbuka nilimwambia bosi chujio la jakuzi lifanye kazi masaa manne asubuhi na manne jioni? Akalipunguza, saa moja tu kwa siku, eti anaokoa umeme. Akabandika na tangazo ukutani, kando ya jakuzi, lenye picha yake: "Ratiba hii imebuniwa na Mkurugenzi."

Leo wamekuja wakaguzi wa tuzo ya kuokoa umeme. Bosi akaingia majini kuwaonyesha. Mwenyewe! Kwenye maji ya kijani!

Yakamfika shingoni, na hapo sisemi kwa mafumbo.

Aliposimama, utelezi umemganda kitambi kizima. Chura akaruka kutoka begani kwake. Chura, mwenzangu!

Mama mkaguzi akauliza, "Ratiba hii kaipanga nani?"

Bosi, mkavu wa macho, akaninyooshea kidole. "Fundi wetu huyu."

Mimi! Fundi wetu huyu!

Nikachukua taulo safi, nikaanza kufuta vumbi kwenye tangazo lake, taratibu, kuanzia usoni.