Mkiwa Wawili Tu

Kijijini, Nzega
3 Machi 1975

Mdogo wangu Josepha,

Hujambo, na masomo hayajambo? Sisi wazima, ila usingizi umenikimbia. Nakoroma hadi mume wangu Masolwa ananipiga kiwiko, nashtuka kama mtu anayezama, na asubuhi naamka nimechoka kuliko nilivyolala. Jana nilisinzia juu ya jembe kwenye shamba la kijiji. Wenzangu wakaimba, "Kupe! Kupe wa Ujamaa!" Masolwa naye akacheka. Mama mkwe anasema asiyelala usiku ana shughuli zake usiku. Wewe unayesoma vitabu, niulizie. Anayeniandikia ni Benedikta, mwalimu wetu wa kisomo. Mimi bado nipo kwenye a, e, i.

Dada yako,
Apolinaria

Shuleni, Tabora
20 Machi 1975

Mwalimu Benedikta, tafadhali msomee mkiwa wawili tu.

Dada, shikamoo. Mimi mzima. Nilisimama mlangoni kwa muuguzi wa shule kwa haya, mpaka kengele ikalia mara mbili. Aliniuliza mengi, nikajibu: kwamba hujaona siku zako miezi saba, kwamba Krismasi nilikukuta nyuma ya ghala unanyoa kidevu. Akasema huenda ni ugonjwa wa mayai ya uzazi, na wengi wenye ugonjwa huo hulala vibaya. Si uvivu, dada, wala si uchawi. Njoo hospitali wakupime.

Mdogo wako,
Josepha

Shuleni, Tabora
11 Mei 1975

Dada, shikamoo. Hujambo? Barua yangu ilifika? Siku ya posta nasimama wa mwisho kwenye mstari, nisijue mapema kwamba hakuna yangu.

Mdogo wako,
Josepha

Kwa baba, Tura
2 Agosti 1975

Mdogo wangu,

Marahaba. Naandika mwenyewe, pole pole.

Benedikta alikuwa semina. Masolwa akampa barua yako balozi wa nyumba kumi. Akaisoma uwanjani, kama barua zote. Hata "mkiwa wawili tu" aliisoma. Kwenye kidevu watu walicheka. Kwenye miezi saba hakucheka mtu. Masolwa anangoja mtoto mwaka wa nne. Mama mkwe alinifungia mzigo kwa mikono yake.

Nalala kitanda chetu cha zamani. Hakuna wa kunipiga kiwiko, na bado silali. Herufi nimejifunza saa hizo, wengine wamelala.

Usilie. Benedikta aliporudi aliidai barua yako kwa balozi, akanipa. Jana nilimaliza kuisoma mwenyewe. Ilikuwa barua nzuri.

Dada yako,
Apolinaria